Nzi wa matunda kwa vyura wadogo: melanogaster au hydei?

Kidimbwi: Wakuu, salaam. Nina vyura wa jamii ya Dendrobates, wale wadogo wenye rangi kali, na nataka kuwafugia nzi mwenyewe nyumbani. Naona mmegawanyika: wapo wa Drosophila melanogaster, wapo wa Drosophila hydei. Nianze na yupi?

Shangazi_Chura: Angalia mdomo wa chura kwanza. Melanogaster ana kama milimita 2, hydei anafika 3 na amejaa mwili. Chura mchanga aliyetoka majini juzi hydei hamuwezi. Halafu melanogaster ana haraka: kwenye nyuzi joto 25, yai linakuwa nzi ndani ya siku 10 hadi 12. Kwa hydei utangoja wiki 3 au zaidi. Anza na melanogaster.

MzeeWaMakopo: Kweli shangazi, ila hydei msimbeze. Chura mkubwa anashiba kwa nzi wachache. Mimi nafuga wote wawili, kila mmoja na makopo yake. Ila mkuu, chunga joto: melanogaster wa mabawa yaliyodumaa, wale wasioruka, ukiwalea karibu na nyuzi 30, mabawa yanaanza kukua. Hydei wasioruka mabawa wanayo, hayawasaidii tu.

Kidimbwi: Na chakula chao? Nasikia ndizi mbivu inatosha.

Shangazi_Chura: Nzi inawatosha, pua yako ndiyo itakayolalamika 😂 Tena inageuka maji na nzi wanazama humo. Mimi nakoroga unga wa viazi vilivyopikwa na kukaushwa, sukari, siki kidogo, na mdalasini wa kuzuia ukungu. Juu nanyunyiza punje chache za hamira. Ukiinamisha kopo, uji usitiririke. Chomeka na karatasi zilizokunjwakunjwa ili mabuu wapate pa kupanda wakageuke pupa.

Popo77: Mbona mnajitesa? Wapeni nyenje wachanga, kazi imekwisha.

MzeeWaMakopo: Nyenje aliyebaki bila kuliwa ana meno, Popo. Njaa ikimshika usiku anamtafuna chura. Nzi hana hilo.

Shangazi_Chura: Nzi naye ana utitiri! Kopo likifikisha mwezi litupe hata kama bado linatoa nzi, maana humo ndimo utitiri unapojazana na kuhamia makopo mengine. Mfuniko uwe na kitambaa cha kusukwa kwa karibu. Nzi wa nje akipenya akapandana na hao wako, watoto wake wataruka, na uzao wote utakuharibikia.

MzeeWaMakopo: Na usimpe chura nzi mtupu. Watie kwenye kikombe chenye unga wa kalsiamu na vitamini D3, tikisa mpaka wawe weupe, ndipo umwage.

Kidimbwi: Nimewaelewa. Nachukua melanogaster, makopo mawili. Hydei baadaye, vyura wakikua.

MzeeWaMakopo: Usiyaanzishe siku moja, mkuu. Yapishanishe wiki, ili moja likichoka lingine liwe linatoa.