Suriname: redio zilichomwa, waandishi wakauawa, halafu mhusika akarudi kuwa rais kwa kura. Ilikuwaje?

Mpenda_Ramani:
Wakuu habari za muda huu. Kuna hii nchi ya Suriname, koloni la zamani la Mholanzi kule kaskazini mwa Amerika ya Kusini, watu wenyewe ni kama laki sita na ushee tu. Kinachonivuruga kichwa ni huyu Desi Bouterse. Sajenti kapindua serikali Februari 1980, 1982 wanajeshi wake wakaua watu 15 wakiwemo waandishi wa habari, halafu 2010 huyohuyo anaapishwa kuwa rais, na 2015 anapewa tena! Na magazeti yapo, yanaandika. Wananchi walikuwa hawasomi au? Wajuzi karibuni.

KobeMzee:
Mkuu walijua wote, hilo ondoa kabisa. Nchi ndogo ile kila mtu anamjua ndugu wa marehemu. Desemba 1982 watu walizolewa majumbani usiku wakapelekwa Fort Zeelandia, ngome ya kikoloni pale Paramaribo kando ya mto. Watano walikuwa watu wa habari: André Kamperveen mwenye Radio ABC, Frank Wijngaarde, Lesley Rahman, Bram Behr na Jozef Slagveer. Kamperveen na Slagveer walilazimishwa kwanza kusoma maelezo ya kukiri eti wanapanga mapinduzi, yakarushwa hewani, kisha wakauawa na serikali ikasema walipigwa risasi wakijaribu kutoroka. Watu 15 wote wanatoroka, ngomeni, mbele ya bunduki. Radio ABC, Radio Radika na gazeti la De Vrije Stem vikatiwa moto. Likaachwa De Ware Tijd nalo likawa linatoka chini ya macho ya wanajeshi.

Shangazi_Mkali:
Sawa ila hujajibu swali la mleta mada, kwa nini walimchagua? Kwanza rais kule hapigiwi kura na wananchi moja kwa moja, anachaguliwa na bunge lenye viti 51 na anatakiwa apate theluthi mbili, kwa hiyo ni hesabu za miungano. 2010 aliyembeba ni Ronnie Brunswijk, aliyekuwa mlinzi wake halafu akaingia msituni kupigana naye miaka ya themanini! Siasa hiyo. Pili vyama vya zamani vilikuwa vya kikabila, Wahindi na chao, Wakrioli (wenye asili ya Afrika) na chao, Wajava na chao, Bouterse akaja na chama chake cha NDP kinachokusanya wote, anapanda jukwaani anaongea Sranan Tongo, lugha ya mtaani ya kule, anacheza muziki, kijana aliyezaliwa baada ya 1982 anamwona mtu wa watu. Magazeti yenyewe yanaandika Kiholanzi cha shule. Nani atashinda hapo?

Wino_Mkavu:
Mi naona mnasahau njaa. Mwandishi wa kule mshahara ni mdogo, soko dogo, na mtangazaji mkubwa wa biashara ni serikali hiyohiyo. Ukiwa mzuri wizara inakuchukua unakuwa msemaji, kesho unawajibu wenzako uliokuwa nao chumba cha habari. Hapo huhitaji kiberiti. Na sheria ya kuchochea chuki dhidi ya serikali bado ilikuwa na kifungo mpaka miaka 7, hata isipotumika inakaa kichwani mwa mhariri. 2012 bunge likapitisha msamaha wa kumkinga Bouterse na kesi, vyombo vya habari viliripoti vizuri tu, na 2015 NDP ikapata viti 26 peke yake 😂

Mpenda_Ramani:
Dah hiyo ya Brunswijk nilikuwa siijui. Sasa mwisho wake jela aliingia?

KobeMzee:
Hakuingia. Ule msamaha haukuizuia kesi, alihukumiwa miaka 20 kwa mauaji yale Novemba 2019 akiwa bado rais, rufaa ikagonga mwamba Desemba 2023, akajificha, akafa mafichoni Desemba 2024. Chan Santokhi, yule polisi aliyesimamia uchunguzi wa mauaji yale, ndiye aliyempokea urais 2020, na makamu wake nani? Brunswijk 😂

Shangazi_Mkali:
Na 2025 NDP wamerudi, rais ni Jennifer Geerlings-Simons, mwanamke wa kwanza. Mafuta ya baharini yanatarajiwa kuanza kutoka 2028 na TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, wako ndani. Mi naangalia nani ataandika hiyo mikataba bila kuitwa wizarani kupewa kazi, maana Starnieuws, tovuti ya habari ya kule, na wenzao ni watu wachache mno kwa hela nyingi hivyo.

Wino_Mkavu:
Wataitwa, we subiri.