Matangazo ya sikioni kwenye mashindano ya kuteleza barafuni: tunauziwa sauti iliyochelewa nusu dakika!

Wadau, nina hasira na naandika nikiwa nayo hivyo hivyo.

Huku Marekani ninakoishi, baadhi ya mashindano ya kuteleza barafuni kwa mitindo huwa na mtangazaji anayekueleza sikioni kinachoendelea. Kwenye spika za ukumbi hawezi kuongea, mchezaji anatakiwa ausikie muziki wake. Wazo ni zuri sana. Sisi tuliozoea kwenda Uwanja wa Taifa na redio ndogo, unaiangalia Simba na Yanga kwa macho na mtangazaji anakupa majina sikioni, hatuna haja ya kushawishiwa.

Mashindano ninayoyazungumzia walikuwa wakikodisha viredio. Safari hii vimeondolewa. Pakua aplikesheni, lipa dola 15, ingia kwenye waifai ya ukumbi. Nikalipa. Sauti ikawa inafika nusu dakika baada ya tukio!

Sasa pimeni. Mruko mmoja haumalizi hata sekunde moja hewani, na onyesho fupi, ile raundi ya kwanza, lote ni kama dakika 2 na sekunde 40. Jamaa anatangaza mruko wa Lutz wa mizunguko minne wakati kijana keshatua zamani, yuko katikati ya barafu anazunguka kama pia. Na kuna kero ambayo nina uhakika waandaaji hawajawahi kuijaribu wenyewe: maikrofoni ya mtangazaji inanasa muziki wa ukumbini. Kwa hiyo sikio lenye kifaa linasikia mwanzo wa wimbo, sikio la pili linasikia katikati yake. Kichwa kiliniuma mpaka nikachomoa.

Nikaenda dawati la huduma. Binti wa pale, mpole wala simlaumu yeye, akaniambia nizime simu niiwashe tena. Jamani! Sauti ikipita intaneti mara nyingi hukatwa vipande vya sekunde kadhaa, vipande vinapanda kwenye seva, kisha simu inajiwekea akiba ya vipande kwanza ndipo ianze kucheza. Ucheleweshaji umo kwenye mfumo wenyewe, hata ningenunua simu mpya mlangoni usingeondoka. Kisambaza mawimbi kidogo kinachoishia ndani ya ukumbi hakina tatizo hilo, kinafikisha sauti papo hapo. Makanisa yanayotafsiri mahubiri yanatumia vifaa hivyo kila Jumapili, tena makanisa mengine bati linavuja.

Mtu atasema si uangalie tu kwa macho. Mkuu, macho hayatoshi. Lutz hurukwa kutoka ukingo wa nje wa kisu cha kiatu, flipu, mruko unaofanana nayo, kutoka ukingo wa ndani. Kutoka kiti cha juu nani anaona hilo? Mruko ukikosa zaidi ya robo ya mzunguko unakatwa thamani. Lutz ya mizunguko minne ina pointi 11.50 za msingi, lakini ikipungua nusu mzunguko inahesabiwa kama ya mitatu, 5.90. Ndiyo maana unaona mtu ametua vizuri, ukumbi umelipuka, halafu alama zinatoka ndogo watu wanaanza kuzomea majaji. Aliye nyumbani ana kisanduku kwenye kona ya kioo cha TV kinachomwonyesha mruko unaoangaliwa upya. Mashindano ya vijana ya Junior Grand Prix ndiyo kabisa, ISU, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, imeyaweka YouTube bure, na kwa miaka mingi mtangazaji Ted Barton alikuwa akifafanua mruko kwa mruko. Mimi niliyelipa kiingilio, maegesho na chipsi za bei ya wizi, nabaki kubahatisha.

Halafu hata hiyo sauti iliyochelewa, wanaongea nini? Gauni limeshonwa wapi, kocha alimwoa nani. Mashabiki wa miruko wanataka waambiwe ni mruko gani na umekosewa wapi. Umbea tutaupata njiani kurudi.

Lakini kilichonichoma zaidi ni shemeji yangu. Haoni. Anaupenda mchezo huu kwa sauti yake, visu vinavyokwangua barafu na ule mlio wa kutua, na zile redio za zamani zilimtosha. Safari hii watu wanasimama kushangilia, yeye sikioni anaambiwa mchezaji ndiyo kwanza anajiandaa kuruka. Alinishika mkono akaniuliza, "Shem, ameanguka au ametua?" Nikageuka mtangazaji wa kunong'ona hadi mwisho, na mama wa kiti cha mbele akanigeukia kwa jicho la kuninyamazisha. Kwenye mpira, Euro 2012 kule Poland na Ukraine tayari kulikuwa na matangazo maalumu ya viwanjani kwa wasioona. Ukumbi mmoja wenye paa na umeme unashindwa nini?

Nimeomba nirudishiwe hela, wamenijibu kuwa huduma "ilikuwa hewani muda wote". Ilikuwa hewani ndiyo, ila ya nusu dakika iliyopita!

Humu najua kuna mafundi mitambo wa redio na watu wa sauti za makanisani. Naomba mniambie kisambaza mawimbi cha kutosha ukumbi wa watu elfu kadhaa na vipokezi mia hivi vinakwenda bei gani, na kibali chake kinaombwaje huku. Nataka niwaandikie waandaaji barua yenye hesabu ndani yake. Na kama uliwahi kuuziwa huduma hii ukumbi mwingine, sema ilichelewa kiasi gani.