Naomba ushauri: kuimba Seeräuberjenny bila kuiga sauti ya Lotte Lenya

Mleta uzi: Wakuu, nataka kuimba Seeräuberjenny ("Jenny wa maharamia"), wimbo wa Kurt Weill na Bertolt Brecht ulio kwenye tamthilia ya nyimbo Die Dreigroschenoper. Naimba alto (sauti ya chini ya kike), nitasindikizwa na piano tu. Rekodi ya mwimbaji Lenya ya 1930 na zile za miaka ya 1950 utadhani ni watu wawili: kwanza sauti nyembamba ya juu, baadaye nzito yenye mikwaruzo. Nifuate ipi? Nishushe ufunguo kiasi gani?

SautiYaPili: Usifuate koo lake, fuata anavyotamka. Lenya alizaliwa Vienna 1898. Die Dreigroschenoper ilipofunguliwa Berlin tarehe 31 Agosti 1928, alicheza kahaba Jenny akiwa hajatimiza miaka 30. Alipokuja kurekodi tena 1955 sauti ilikuwa imeshuka sana. Die sieben Todsünden, kazi nyingine ya Weill, ilibidi ishushwe nusu toni 5 ndipo aiweze. Mikwaruzo ile ni umri, Weill hakuiandika. Ukianza kukwaruza ubeti wa kwanza, wa nne utakukuta huna sauti, na hapo ndipo wimbo unapoua.

Mpiga_Kinanda: Kuhusu ufunguo, anza na nusu toni 2, ukizidi sana 3. Zaidi ya hapo akodi za mkono wa kushoto zinavuma na kumeza maneno. Ikibidi kushuka zaidi, mkono huo upande oktava moja au upunguze noti za katikati. Pia tumia noti zilizochapishwa, usinakili mapigo kwa kusikiliza. Lenya hakuwa msomaji wa noti, na anapochelewesha neno anajua pa kulirudia pigo. Anayemwiga huachwa na piano.

Bakari_Kijerumani: Matamshi: w ni v, s kabla ya irabu ni z, ch ya "acht" ni kh ya Khamisi. Ü: midomo ya u, ulimi wa i. Kosa letu kubwa ni kuongeza irabu mwishoni. "Schiff" (meli) iishie kwenye f. Ukisema "shifi" umeongeza silabi na pigo limeharibika.

Mleta uzi: Asanteni sana. Je, niigize kama kahaba Jenny?

SautiYaPili: Hapana. Katika tamthilia wimbo ni wa Polly, mhusika mwingine, anauimba kwenye harusi yake ndani ya banda la farasi. Filamu ya 1931 ya mwongozaji Pabst ndiyo iliyompa Lenya wimbo huu akiwa Jenny, na hapo mkanganyiko ukakolea. Anayesimulia ndani ya wimbo ni mtumishi wa hoteli duni anayeosha glasi, na wateja hawajui anachokiwaza. Kwa hiyo beti ziwe kavu, karibu na kusema, bila hasira. Kiitikio ndicho kipanuke: kasi ishuke, pumzi ndefu, sauti iunganike.

Mpiga_Kinanda: Nyongeza: "Alle" ("wote") ya ubeti wa mwisho usiipigie kelele. Iseme wazi kwa sauti ya kawaida. "Hoppla" (neno la mshangao linalofuata) iwe nyepesi zaidi, na mpiga piano asikimbilie kiitikio cha mwisho mpaka umeshavuta pumzi kamili.