Sufi ya kioo, sufi ya mawe au makumbi ya nazi: nitandaze ipi juu ya dari?

Kaskazi_Pongwe: Wakuu habari. Nina nyumba ya bati hapa Pongwe, Tanga, dari ya jipsamu. Ikifika saa sita mchana chumbani hakukaliki, mtoto analia tu. Nataka kutandaza kizuia joto juu ya dari. Kati ya hizo tatu, ipi inafaa? Nimekwama.

Fundi_Dari: Mkuu, zote zinazuia joto kwa hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, hazipishani sana. Ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, ni nzito na inahimili moto vizuri zaidi. Ya kioo ni nyepesi ila inawasha balaa. Ikilowa yoyote, kazi bure, kwa hiyo ziba matundu ya bati kwanza.

Mzee_Mkonge: Makumbi yanashika moto. Sisi Korogwe tulilala kwenye makuti, na shuka tulijifunika. Mkonge uko Tanga tangu yule Mjerumani Hindorf aulete 1893, nyie mnaulizia mawe!

BintiMakorora: Ungepanda mwembe siku unachimba msingi, leo usingetusumbua.

Fundi_Dari: Kaskazi, bajeti yako ikoje?

Kaskazi_Pongwe: Bajeti si tatizo, mzigo ninao.

Fundi_Dari: Mzigo gani tena?

Kaskazi_Pongwe: Jamaa kanipa magunia ya bure. Nyuzi za kijivu, zilizungushiwa mabomba ya mvuke kwenye kiwanda cha zamani kilichobomolewa. Sufi ya mawe hiyo. Nimeishika mikono mitupu, wala haiwashi. Chumba kimoja nimeshatandaza.

Fundi_Dari: Weee! Mabomba ya zamani mengi yalifungwa kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi. Kutowasha hakumaanishi ni salama. Kwa macho hutambui, mpaka maabara. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu, na inaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Usifagie, usiwashe feni, funga chumba, wasiliana na NEMC, wale wa mazingira.

Kaskazi_Pongwe: Mbona wazee waliofanya kazi pale wapo, wanacheza bao? Na bei ya dukani mnaijua?

Mzee_Mkonge: Shemeji yangu alikuwa fundi boila. Kikohozi chake tulikisikia nyumba ya tatu.

Popo_Mjini: Chai hii. Huyu juzi kwenye uzi wa kodi alilia amepanga ghorofani Raskazone. Leo ana bati Pongwe! Picha ya magunia iko wapi?

Kaskazi_Pongwe: Raskazone napanga, Pongwe najenga. Nikuletee hati?

BintiMakorora: Na mtoto analia nyumba ipi?

Kaskazi_Pongwe: Wa dada yangu, ndiye anayenilindia nyumba. Subirini, napanda darini kupiga picha.

Fundi_Dari: USIPANDE!