Kasiksi (bia ya ndizi): chupa zinapasuka, bidoni (dumu) nyingine imekuwa siki

Mwana Kadutu (Bukavu)
Jambo wote. Kasiksi ya lita 20: juisi ya ndizi iliyokamuliwa kwa nyasi lita 14, maji lita 6, unga wa mtama wa kukaanga kilo 1, levire (hamira) ya mkate gramu 10. Dansimetre (kipimo kinachoelea; namba inashuka sukari ikiliwa) ilisoma 1062. Siku ya tatu povu lilitulia, ikasoma 1014, nikachuja na kutia kwenye chupa za bia pamoja na sukari gramu 6 kwa lita. Wiki moja baadaye chupa nne zimepasuka. Bidoni ya pili, niliyoifunika kwa kitambaa, inanuka siki. Kosa ni nini?

Mzee wa Ibanda
Ndugu, shida yote imo kwenye ile 1014. Kasiksi ikishuka chupani kutoka 1014 hadi 1002, imekula karibu gramu 31 za sukari kwa kila lita. Ongeza 6 zako: ni mara sita ya kinachohitajika kuipa gesi. Hakuna chupa ya bia inayovumilia hapo.

Povu kutulia si kuiva. Bukavu iko karibu mita 1 500 juu ya bahari na usiku kuna baridi. Levire inalala na sukari bado ipo. Ukiziweka chupa karibu na jiko inaamka. Usihesabu siku, pima. Isome mpaka namba ibaki ileile siku tatu mfululizo, hata kama ni siku ya kumi.

Na upime vizuri. Chuja, mimina kwenye glasi ndefu, koroga gesi itoke. Zungusha dansimetre kwa vidole ili vipovu vilivyoishikilia vitoke, kwa sababu vinaiinua na utasoma namba kubwa kuliko ilivyo.

Mama Katindo (Goma)
Kuhusu siki: kitambaa kinapitisha hewa na vile vinzi vidogo vya ndizi, na vijidudu vya siki vinapanda juu yao. Bila hewa siki haiji. Toboa kifuniko cha bidoni, pitisha mpira mwembamba wa serum (dripu ya hospitali) ulio mpya, ziba ukingo kwa nta, ncha ya nje iingie sentimita 2 ndani ya chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa hairudi. Jaza bidoni, acha nafasi ya povu tu, kama lita 2.

Hiyo iliyogeuka haiponi, itumie jikoni. Lakini suuza bidoni kwa maji mengi KWANZA ndipo utie javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo): javeli ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu. Kisha javeli kijiko kimoja cha supu kwa lita 5 za maji, dakika 20, suuza tena kwa maji yaliyochemka. Usisugue plastiki kwa chuma, mikwaruzo inaficha vijidudu.

Wanaochanganya kwa maji ya ziwa Kivu: pH yake (kipimo cha uchachu; juu ya 7 si chachu) iko karibu 9, inapunguza uchachu wa juisi, na uchachu huo ndio unaoizuia isiharibike. Kamulia ndimu kidogo.

Mwana Kadutu
Aksanti sana, Papa na Mama. Chupa zilizobaki nizifanyeje? Ziko 20.

Mzee wa Ibanda
Usizitikise wala usizibebe mkononi zikiwa na joto. Zifunike kwa gunia nene, vaa miwani, ziingize moja moja kwenye maji baridi masaa kadhaa, ndipo ufungue kifuniko polepole gesi itoke. Kisha mimina yote polepole kwenye bidoni safi yenye mpira, uifunge, usubiri namba itulie.

Ukirudi kujaza chupa, jaza moja ya plastiki ya soda. Ibonyeze kila siku. Ikiwa ngumu kama jiwe, zote zipeleke kwenye baridi siku hiyohiyo.