Kapteni wa The Sound of Music anaimba mwenyewe au amewekewa sauti?

SautiYaPili

Wakuu, habari za usiku. Nahitaji msaada wa wanaozijua filamu za zamani, maana kuna ubishi ulioanza Krismasi na mpaka leo haujalala.

Tulipanda Machame kuhesabiwa kama kila mwaka. Tarehe 26 baridi ikatubana ndani, mtoto wa dada yangu akachomeka flashi kwenye televisheni, ikatokea The Sound of Music, ile ya 1965 ya Julie Andrews. Kwetu filamu hiyo ina heshima yake. Marehemu baba alitufundisha do re mi kwa wimbo wake kabla hatujashika kitabu cha solfa, kwa hiyo hata watoto wadogo waliambiwa wanyamaze.

Ikafika pale Kapteni von Trapp anapochukua gitaa na kuwaimbia wanawe Edelweiss. Baba mdogo akaegemea kochi, akasema, "Sikilizeni nyie wa kwaya, mwanamume anaimba hivyo." Mimi nikaropoka: huyo siye anayeimba. Basi, chai ikapoa.

Sababu zangu ni za sikio tu. Nina miaka 22 nafundisha sauti ya pili. Yule bwana akiongea, maneno yanatoka yamekatwa kwa kisu, yana ukali na mikwaruzo. Akianza kuimba, mikwaruzo yote inatoweka, inakuja sauti ya duara, laini, kama iliyolelewa nyumba nyingine. Baba mdogo anasema jina lililoandikwa ni Christopher Plummer, hakuna lingine, na Wazungu wangekuwa wamemtumia mtu mwingine wangemwandika. Tumewekeana dau la kreti mbili za soda.

Halafu kuna Mama Mkuu wa watawa. Ule wimbo wake wa kupanda milima ndio mkubwa kuliko yote, lakini ukianza tu, mama wa watu anaelekea dirishani na uso unaingia gizani. Nani anaimba wimbo mkubwa namna ile akiangalia nje?

Mzee wa Santuri

Dadangu, kadai soda zako, na uzidai zikiwa baridi.

Anayeimba ni Bill Lee. Plummer alizirekodi nyimbo zake, lakini kwenye filamu iliyotoka sauti ya kuimba ni ya Bill Lee, tangu Edelweiss ya sebuleni hadi ile ya jukwaani mwishoni, pale Kapteni anapokabwa na machozi na mkewe anamdakia wimbo. Sauti ya Plummer ilikaa kabatini miaka na miaka. Ilikuja kutolewa 2023, ilipotoka seti kubwa ya muziki wa filamu hiyo. Kwa hiyo baba mdogo akitaka kumsikia Kapteni wake kwa koo lake, njia ipo.

Bill Lee mwenyewe usimhurumie kupita kiasi, kazi haikumkauka. Alikuwa mmoja wa The Mellomen, waimbaji wanne wa kiume. Aliimba badala ya mwigizaji John Kerr katika South Pacific ya 1958. Na kama wanao waliwahi kuona katuni ya Disney ya mbwa wenye madoa, ile ya 1961, yule mwenye mbwa anayekaa kwenye piano akiimba ni yeye tena. Yaani umemsikia maisha yako yote na ungepishana naye Kariakoo usimjue.

Mama Mkuu ni Peggy Wood. Hapo sikio lako na jicho lako vyote vimepata. Bibi yule alikuwa mwimbaji hasa. Mwaka 1929 alikuwa mhusika mkuu wa Bitter Sweet, mchezo wa nyimbo wa Noël Coward, jukwaani London. Lakini filamu ilipopigwa, 1964, alikuwa na miaka 72, na wimbo ule unamalizikia juu sana. Koo lina umri wake. Aliyeimba ni Margery McKay. Ndiyo maana unaona dirisha na kivuli: mdomo usionekane sana. Peggy Wood akapendekezwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Margery McKay hata jina halimo kwenye filamu.

Na ukirudia ile ya watoto kuaga wageni kwenda kulala, msikilize Kurt, mvulana mdogo, anapotupa ile noti ya juu kabisa. Si yake. Ni ya msichana, Darleen Carr, mdogo wake Charmian Carr aliyecheza Liesl, dada mkubwa. Hata kwenye kiitikio, watoto unaowaona ni saba lakini vinywa vinavyoimba vinazidi saba. Waliongezwa wengine ili sauti ijae. Julie Andrews ni yeye mwenyewe, usiwe na wasiwasi. Liesl naye anaimba kwa sauti yake.

NyumaYaDarasa

Mnaniharibia utoto. Sisi shule ya bweni Nyeri tulionyeshwa hiyo filamu karibu kila mwisho wa muhula, mwalimu wa muziki akilia palepale kila mara. Kumbe analilia mtu ambaye hayuko? Kwa hivyo ni uwongo tu. Kama huwezi kuimba, mbona usiwape kazi wanaoweza? Huyo Peggy akipendekezwa kwa Oscar, anapendekezwa kwa koo la nani?

SautiYaPili

Mzee wangu, asante sana. Nimemtumia baba mdogo ujumbe wote, amesoma, hajajibu. Alama mbili za buluu zipo pale zinaniangalia.

NyumaYaDarasa mdogo wangu, mimi siiti uwongo, na nina sababu.

Mwaka 1998 kwaya yetu ilirekodi kanda. Studio ilikuwa chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai, na jenereta ya jirani ikiwaka tulikuwa tunasubiri izimwe. Wimbo wa tatu upande B nilianzisha mimi. Tuliurudia mara tisa kwa sababu kuna neno nilikuwa nalimeza. Kanda ikauzika, ikapigwa kwenye mabasi ya Arusha. Miaka minne baadaye wakaamua kutoa video. Mimi nilikuwa na mtoto wa wiki tatu, mgongo unauma, sare hainitoshi. Wakamsimamisha mbele binti mwingine, mrefu, mwenye tabasamu, pale kwenye maporomoko ambako kila kwaya ya ukanda wetu imepigia picha.

Yule binti hakuniibia kitu. Alikuja nyumbani jioni mbili mfululizo, anakaa kwenye kigoda, ananiuliza, "Dada, hapa unavuta pumzi wapi?" Nikawa namwonyesha huku nanyonyesha. Alijifunza mpaka lile neno ninalolimeza. Ukiitazama video leo utaapa ni yeye. Sokoni walikuwa wanampa nyanya za bure, na yeye alikuwa anaona haya, anasema, "Si mimi niliyeimba, ni dada fulani," watu wanadhani ananyenyekea.

Kilichoniuma ni kifuniko cha video. Waliandika jina la kwaya, mwalimu, mpiga kinanda, aliyeshika kamera, hata aliyetukodisha gari. Nafasi ilikuwepo. Wino ulikuwepo.

Ndiyo maana nikisikia Margery McKay hayumo, mimi sina ugomvi na Peggy Wood. Kazi aliyoifanya ya kusimama pale na kuuaminisha wimbo wa mtu mwingine, nimeiona ikifanyika sebuleni kwangu, na si ndogo. Nani aliamua jina lisiwekwe, huyo ndiye ningependa kuzungumza naye.

Mzee wa Santuri

Bibiye, umeniliza na mimi si mtu wa kulia.

Sasa ngoja nikupe jina moja ulibebe: Marni Nixon. Alizaliwa California 1930. Alimwimbia Deborah Kerr katika The King and I, 1956. Akamwimbia Natalie Wood katika West Side Story, 1961. Akamwimbia Audrey Hepburn katika My Fair Lady, 1964. Filamu tatu kubwa, na katika zote tatu jina lake halikuandikwa zilipotoka. Deborah Kerr ndiye aliyekuwa muungwana, alimtaja hadharani mwenyewe. Hii ya Natalie Wood ni chungu zaidi kwa pande zote, maana dada yule alirekodi nyimbo zake akiamini ndizo zitakazotumika. Ilipofika malipo ya santuri, Leonard Bernstein, mtunzi wa muziki, alimkatia Marni robo ya asilimia moja kutoka kwenye fungu lake mwenyewe. Robo ya asilimia inaonekana punje, lakini santuri ile iliuzwa mno, na muhimu kuliko fedha ni kwamba mtu alitambua kuna deni.

Utaniuliza anaingiaje kwenye uzi wako. Rudi kule kwa watawa, mwanzoni, wanapobishana kwa wimbo wafanye nini na Maria, yule anayechezwa na Julie Andrews. Mmoja wao anaitwa Sista Sophia. Ni Marni Nixon, uso wake na sauti yake, na safari hii jina limeandikwa. Mwongozaji alikuwa Robert Wise, yuleyule aliyeshiriki kuongoza West Side Story, anajua vizuri nani aliimba nini.

Na kuna utamu mwingine hapo. Julie Andrews ndiye aliyekuwa Eliza, mhusika mkuu wa My Fair Lady, jukwaani New York tangu 1956. Filamu ilipokuja hakupewa, akapewa Hepburn, na koo likawa la Marni. Kwa hiyo filamu yenu ya Machame ina Eliza wa jukwaani na sauti ya Eliza wa sinema, wote katika nyumba moja ya watawa. Mimi nikifika hapo huwa nasimamisha deki na kuwachosha wajukuu.

NyumaYaDarasa

Sawa, nimeshindwa, nipeni adhabu. Lakini swali: kuna wengine ambao hawakuandikwa na si waimbaji? Nimewahi kusikia Maria wa kweli yumo.

Mzee wa Santuri

Yumo. Maria von Trapp mwenyewe, aliyeandika kisa cha familia yake, alifika Salzburg wakati wa kupiga picha. Pale Julie Andrews anapotoka kwa watawa na kuelekea kwa Kapteni akijitia moyo kwa wimbo, gitaa mkononi, kuna sehemu anapita kwenye tao. Angalia nyuma yake, mbali. Wanapita wanawake. Mmoja ni Maria, yuko na binti yake Rosmarie na mjukuu, Barbara. Ukipepesa jicho umemkosa. Maisha ni yake, kisa ni chake, na kwenye filamu ni mpita njia asiye na jina.

Ila moja niwaonye, kwa sababu huko kwenye kwaya huwa nalisikia sana: Edelweiss si wimbo wa kale wa Austria. Waliutunga Rodgers na Hammerstein kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa 1959 uliozaa filamu hii, na ndiyo mashairi ya mwisho Hammerstein kuyaandika kabla ya kufariki 1960. SautiYaPili, kama umewahi kuutambulisha kanisani kuwa wimbo wa jadi, katubu.

SautiYaPili

Nimewahi. Mara mbili, tena kwa kipaza sauti.

Nimerudia lile tao mara tano, nimemwona mama! Sista Sophia pia nimempata, na sasa siwezi tena kuitazama ile sehemu ya watawa bila kumtafuta yeye kwanza. Alhamisi mazoezini nimewawekea akina mama wa sauti ya kwanza wimbo wa Mama Mkuu, nimewaambia sikilizeni tu, msitazame. Mmoja akauliza anayeimba ni nani. Nikamtajia. Akaniuliza linaandikwaje.

Baba mdogo hatimaye amepiga simu. Amekubali kreti moja. Ya pili anasema hatoi hata tone mpaka nithibitishe nani alipiga gitaa.