Mbio zinapita mlangoni kwetu Kigamboni, lakini mkazi kujisajili imekuwa adhabu

Wanajamvi, salaam.

Nimechoshwa na utaratibu wa kujisajili katika mbio za kilomita 10 zinazoandaliwa huku kwetu Kigamboni. Waandaaji wanazinadi kuwa ni mbio za wakazi, ilhali kila hatua ya usajili imepangwa kana kwamba mkazi ndiye mtu wa mwisho wanayetaka kumwona kwenye mstari wa kuanzia.

Fomu yao, kabla hata hujachagua umbali, inadai namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na usipoijaza haiendelei. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kama shida yao ni kujua rika la mkimbiaji, wangeuliza umri yakaisha. Nilipowaandikia kuuliza ni ya kazi gani, nilijibiwa kuwa ni kwa ajili ya usalama. Sasa shuka chini kabisa ya fomu hiyo hiyo: kuna kisanduku ambacho tayari kimewekewa tiki, kikisema kwamba umeridhia taarifa zako wapewe wadhamini. Huo ni usalama wa nani? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu akusanye zile tu zinazohitajika kwa lengo halali na amweleze mhusika lengo hilo.

Kwenye malipo ndipo nilipoishiwa uvumilivu. Unalipa kwanza kwa simu, unaingiza namba ya muamala, unapakia picha ya ujumbe wa malipo, kisha unasubiri uhakiki. Nililipa shilingi 35,000 za kilomita 10, na fedha ikakatwa papo hapo. Uthibitisho ulipokuja hatimaye, ulisema nafasi za kilomita 10 zimejaa, kwa hiyo nimehamishiwa kilomita 5 kwa ada ile ile, fulana zilizobaki ni za saizi kubwa kabisa, na fedha hairudishwi. Kama nafasi zilikuwa zimejaa, kwa nini fomu iliendelea kupokea fedha za watu?

Baadaye nilipata jibu mahali ambapo sikulitarajia. Ofisini kwetu, ng'ambo ya maji, wafanyakazi wenzangu walioandikishwa na mwajiri baada ya mimi kulipa wamepewa kilomita 10 bila tatizo lolote. Ofisi ilipeleka orodha ya majina tu, hakuna aliyeulizwa NIDA, na namba zao za kifuani zitaletwa hadi mapokezi. Mmoja wao aliniuliza Mjimwema, kata ya huku kwetu Kigamboni, iko upande gani.

Wakati huohuo, kikundi cha joging cha mtaani kwetu, ambacho kila Jumapili alfajiri hupita kikiimba na kupiga makofi, kilikataliwa kuandikishwa kwa pamoja kwa sababu eti si taasisi. Kiongozi wao alikuwa amekwishakusanya michango na kuandika kila jina kwenye daftari, pamoja na saizi ya fulana na simu ya ndugu wa karibu. Daftari lile lina maana kuliko fomu ya waandaaji. Tangazo la mbio linampongeza Alphonce Simbu kwa dhahabu ya marathoni aliyoitwaa Tokyo Septemba 2025, na kuahidi kusaka vipaji vipya. Sijui watavisakia kwenye orodha za maofisi.

Sisi tuliosajiliwa mmoja mmoja tunatakiwa kufuata namba zetu Masaki, siku za kazi, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, kila mtu mwenyewe na kitambulisho halisi. Yaani muuza samaki wa Feri ya upande wa Kigamboni afunge meza, avuke pantoni, apande daladala hadi Masaki, akachukue namba ya kukimbilia barabara anayoikanyaga kila siku. Barabara hiyo itafungwa tangu alfajiri, na hapo hatukuulizwa chochote.

Ninachotaka ni nafasi niliyoilipia, au fedha yangu irudi kwa njia ile ile iliyotoka. Suala la NIDA nalipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na la fedha nalipeleka Tume ya Ushindani. Mwenzangu yeyote aliyelipia kilomita 10 akapewa 5 aandike hapa tarehe aliyolipa na jibu alilopewa, ila afiche namba ya muamala, ili malalamiko yaende yakiwa ya watu wengi.